Chumvi ya Ng'ombe Kwenye Kisima cha Mama

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba nauza matope. Jibu hilo linaokoa muda. Nikianza kueleza kwamba nasimamia uchimbaji wa visima, na kwamba shughuli yangu hasa ni kuhakikisha uchafu wa juu hauteremki kandokando ya bomba kwenda kuchafua maji ya chini, naona macho ya mtu yanahama taratibu kuelekea kwenye simu yake. Nikisema matope, anacheka, anasogeza kiti, na tunaendelea na mambo mengine.

Lakini si matope ya hivihivi. Kisima kirefu ni tundu lenye bomba katikati, na kati ya bomba na ukuta wa tundu hubaki uwazi. Uwazi huo usipozibwa, mvua ikinyesha, kila kilichoko juu ya ardhi kinapata njia ya mkato: mkojo wa mifugo, maji ya choo, mbolea, oili chafu iliyomwagwa na fundi gari asiye na haya. Tunauziba kwa udongo maalumu wa kiwandani unaokuja kwenye mifuko, vipande vikavu vya kijivu kama kokoto ndogo. Ukivitumbukiza na kuvinywesha maji safi vinavimba, vinalainika, vinashikana na kujaza kila upenyo. Naupenda udongo ule kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu, na ndugu zangu wanajua.

Tatizo lake ni maringo. Ukiunywesha maji yenye chumvi nyingi unagoma kuvimba. Ukiumwagia dizeli unakaa vilevile ulivyotoka mfukoni, kana kwamba hujafanya kitu. Na hata ukishavimba vizuri, ukaja kuuletea kemikali baadaye, unaweza kunywea. Mwenye ghala mmoja hapa Mbeya alirundika mbolea ya kukuzia pembeni ya kisima chake. Mifuko ikapasuka, mvua ikaiyeyusha mbolea, na udongo uliokuwa umetulia chini ukaanza kupasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Akanipigia simu kunilaumu. Nilimwambia amlaumu aliyeweka mbolea pale, yaani yeye. Mpaka leo hatusalimiani.

Sasa mimi huyuhuyu, mwenye mdomo wote huu, nilimchimbia kisima mama yangu mzazi, na kisima kikaharibika. Nataka kulieleza jambo hilo mwenyewe kwa sababu ndugu zangu wanalisimulia vibaya kwenye kila msiba na kila harusi.

Mama anaishi Mufindi, kwenye kijiji cha milimani ambako malori ya magogo yaendayo Mgololo hupita siku nzima yakitikisa vyombo kabatini. Nyumba yake iko juu ya mteremko. Chemchemi iko chini bondeni. Maisha yake yote ameshuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo imejaa, na kama ungemuuliza angekuambia kwamba ndiyo sababu miguu yake ni mizuri kuliko ya wanawake wa mjini. Kisha asubuhi moja ya ukungu aliteleza akaangukia nyonga. Alikaa pale kwenye njia, maji yamemwagika, mpaka jirani yake alipotoka kukama ng'ombe akamsikia anaimba. Hakuwa analia, alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti kubwa. Alisema kupiga yowe kungewafurahisha watu.

Kaka yangu mkubwa akaitisha kikao. Kaka anaishi Iringa mjini, ni mzee wa kanisa, na kitu anachokipenda kuliko chakula ni ajenda. Tulikaa kwenye makochi yake yenye vitambaa, tukapewa soda, tukafungua kwa sala. Ajenda ilikuwa moja: mama ahame. Ahamie kwangu Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa sababu mimi nina chumba kinachobaki na sina mume wa kuombwa ruhusa. Kaka alilisema hilo la mume kwa upole sana, kama mtu anayetaja sifa ya nyumba.

Mama alikuwa amejifunika blanketi, mkongojo kando. Alisikiliza yote. Tulipomaliza akasema, "Huko Soweto nilienda. Nikikohoa huku, mtu ya nyumba nyingine anasema pole. Mimi siwezi kuishi hivyo."

"Mama, tunazungumzia usalama wako," kaka akasema.

"Usalama yangu iko kwangu. Baba yenu iko pale nyuma ya nyumba, mdogo wenu iko pale. Nani atafyeka majani?"

Kaka akasema majani yanaweza kufyekwa na mtu yeyote. Mama akamtazama mpaka akashika soda yake. Ndipo mimi nikasema maneno ambayo bado nadhani yalikuwa ya maana: kama tatizo ni kushuka bondeni, basi tuyalete maji mlangoni. Mimi si nachimba visima vya watu kutwa kucha? Kaka akafikiri, akaafiki, kisha akaligeuza kuwa azimio, kama kawaida yake. Maji yakipatikana mlangoni, mama anabaki. Maji yakishindikana, mama anafungasha, na hakuna mjadala mwingine. Mama akakubali kwa kichwa. Hakutazama mtu yeyote alipokubali.

Nilipanda na mtambo kutoka Mbeya wakati wa kiangazi. Kupata mahali pa kuchimba kulikuwa kazi. Upande mmoja wa kiwanja ni mwamba, upande wa nyuma ni makaburi, na upande wa juu, ng'ambo ya uzio, ni kwa yule jirani aliyemwokoa mama. Jirani huyo ni mjane kama mama, wanaimba sauti moja kwenye kwaya ya Kilutheri, wanagombana kuhusu kuku na kupatana kabla ya Jumapili. Anafuga ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Banda la nguruwe lilikuwa mbali kadiri ya kanuni, ila lilikuwa juu, na maji hayajawahi kujifunza kanuni. Kwa hiyo nilisema tutaziba kwa udongo mwingi kuliko kawaida, na tutaziba vizuri, hata kama tutalala hapo.

Kiongozi wa mtambo alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima, mwenye adabu nyingi na tumbo la kuzihifadhi. Siku ya kuziba tulitia vipande vya udongo kwenye uwazi, taratibu, mpaka karibu na juu. Kilichobaki ilikuwa ni kuvinywesha maji safi tuliyoleta kwenye mapipa. Hapo hapo mama akatoka mlangoni na kutangaza kwamba chakula kiko tayari.

"Mama, tuunyweshe udongo kwanza," nikasema.

"Ugali yangu haisubiri udongo."

Kama hujawahi kufanya kazi kwenye nyumba ya Wahehe, hutaelewa. Mtu aliyekuja kukufanyia kazi hali nje kama mbwa. Anaingizwa ndani, anawekewa kiti, ananawishwa mikono, anakula ugali ukiwa moto mpaka aombe poo. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba jiko lake ni chafu. Mama alikuwa amechinja jogoo. Kulikuwa na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga, na kulikuwa na ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye dumu pembeni kwa ajili ya baadaye. Nilimtazama kiongozi wa mtambo, naye alikuwa ameshavua kofia.

"Ndaga fijo, mama," akashukuru kwa Kinyakyusa, akaingia.

Tukaingia wote. Mama akanawisha mikono, akapakua, akafunga mlango. Upepo, alisema. Kisha hakukaa. Punde tukasikia kuimba huko nje, sauti mbili, ya mama na ya jirani, wimbo wa taratibu wa Kihehe. Kiongozi wa mtambo akaweka tonge chini na kuinamisha kichwa, akidhani tumesahau kuombea chakula. Sote tukainamisha vichwa. Wimbo ulikuwa mrefu na kuku alikuwa anapoa. Mimi nilijua mama ana ibada zake, nikafikiri anamshukuru Mungu kwa kisima, na nikafurahi kwa ajili yake.

Tulipotoka tukanywesha udongo maji, tukaweka zege juu, tukafunga pampu ya mkono. Maji yalipotoka mama aliyakinga kwa viganja, akanywa, akajipaka mengine usoni. Jirani akapiga vigelegele. Kiongozi wa mtambo alikunywa ulanzi mpaka akaanza kuufundisha mtambo wake Kinyakyusa.

Kiangazi chote kilichobaki simu za mama zilikuwa za maji tu. Hakuniuliza habari za kazi wala afya. "Hii maji yangu tamu, mwanangu. Mchungaji alikunywa. Mwenyekiti alikunywa akaomba tena." Alikuwa anawanywesha watu maji kama bia. Kaka naye aliyatangaza kanisani kwake kama mradi wa familia, na hakusema ni nani katika familia hiyo aliyekuwa na matope kwenye nywele.

Mvua zilipoanza, simu zikabadilika. Mama akaanza kuniuliza habari za afya. Akauliza habari za kazi, za paka wangu, hata za yule mwenye ghala. Nikimuuliza maji yanasemaje, anasema "maji iko," kisha anasema salio linaisha, na mimi ndiye niliyepiga.

Nikapanda basi kwenda Mufindi bila kutoa taarifa.

Nilimkuta jikoni. Alishtuka, akafurahi, akashtuka tena. Akanipa chai yenye tangawizi kali na mchaichai, chai nzuri, haina kasoro. Nikatoka kwenda kunawa uso pampuni. Nilipoyainua maji usoni nikasikia harufu ya nguruwe. Haikuwa kali, bali ya mtu aliyepita na nguruwe kitambo kidogo, lakini pua yangu inalipwa kwa ajili ya vitu kama hivyo.

Nikarudi ndani. "Mama, maji yana harufu."

"Pua yako imeharibiwa na dizeli ya Mbeya."

"Na chai hii haina harufu. Umepikia maji gani?"

Alichukua sufuria, akaanza kuifuta. Nikageuka na kuona nyuma ya mlango ndoo imejaa, na juu ya maji kuna matawi ya majani mabichi yakielea. Mtu haweki majani kwenye ndoo iliyojazwa hatua chache kutoka mlangoni. Majani huwekwa ili maji yasirukeruke yakiwa kichwani njia nzima.

Alikuwa anashuka bondeni. Na nyonga ile, na mvua ile, na ule utelezi, mama yangu alikuwa anashuka bondeni kila alfajiri kabla majirani hawajaamka ili asionekane, halafu mchana anapiga pampu kidogo mbele ya watu ili aonekane. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba ana kichwa kigumu, kwamba angekufa kule chini na hakuna ambaye angejua, kwamba nimeacha kazi za watu kuja kumchimbia kisima na yeye ananificha. Nilisema mengi. Mama alikuwa amesimama ameshika sufuria tupu kama ngao.

"Usimwambie kaka yako," akasema. Hilo tu.

Hasira ikaniishia, nikabaki na woga, na woga ni mbaya zaidi kwa sababu hauna wa kumfokea. Nikachukua mfuko wangu wa kazi na kutoka nje.

Nina kipimo kidogo, kirefu kama kalamu, ambacho huonyesha maji yana chumvichumvi kiasi gani. Maji ya milima ya Mufindi kwa kawaida ni laini kama ya mvua, kipimo hukaribia kulala. Nilipokitumbukiza kwenye maji ya kisima cha mama, namba zilipanda kwa fujo, nikadhani kimekufa. Nikakijaribu kwenye ndoo ya bondeni, kikatulia. Nikakirudisha kwenye ya kisima, kikapanda tena. Nguruwe nilikuwa nimewatarajia. Kwamba mkojo wao ungepata njia, hilo lingeeleweka. Lakini hata nguruwe wa kijiji kizima wasingeweza kuyafanya maji kuwa hivyo. Hii ilikuwa chumvi, chumvi hasa ya jikoni.

"Mama," nikasema, "kuna mtu kamwaga chumvi kwenye hiki kisima?"

Mama akakumbuka ghafla kwamba kuku wanatakiwa kufungiwa. Jua lilikuwa bado utosini.

Aliyetoboa siri ni jirani, naye alitoboa bila kujua kwamba kuna kitu cha kutoboa. Alikuja na maziwa, tukasalimiana kamwene, kamwene, nikamuuliza swali lilelile, akasema kwa furaha, "Si ile tuliyoiombea? Chumvi ya ng'ombe wangu. Debe zima, tulibeba mimi na mama yako. Tulimwaga kuzunguka bomba, tukaomba, tukafunikia na udongo wenu kidogo ili nyie msiudhike."

Nilikaa chini kwenye msingi wa zege. Nilikuwa nimewahi kuona udongo ule ukiuawa na dizeli, na mbolea, na maji ya betri ya fundi wa Mafinga aliyekuwa ameamua kwamba tundu lolote ni jalala. Sikuwahi kuuona ukiuawa na sala. Debe zima la chumvi ya mawe ya kulambisha ng'ombe, limepenya katikati ya vipande vikavu, halafu tumetoka tumeshiba na kuunywesha mchanganyiko huo maji kwa mikono yetu wenyewe. Udongo ulikunywa maji ya bahari. Haukuvimba. Ulikaa pale kama changarawe, umeacha nyufa kila mahali, na mvua ya kwanza iliyopita bandani kwa jirani ikapata barabara ya lami.

Mama aliporudi kutoka kwa kuku nikawaeleza yeye na jirani, hawakuniamini. Chumvi haijawahi kumdhuru mtu, walisema, na jirani akaongeza kwamba ni ya Mungu. Basi nikaomba glasi. Nikatia udongo mkavu kutoka kwenye akiba yangu kwenye glasi zote, kiasi kilekile. Ya kwanza nikajaza maji ya mvua. Ya pili maji yaliyokorogwa na chumvi ya ng'ombe. Ya tatu mafuta ya taa kutoka kwenye kibatari cha mama. Tukaziweka mezani tukanywa chai tukisubiri.

Udongo wa kwanza ukaanza kufura polepole, ukapanda, ukawa laini kama uji mzito, na nilipoinamisha glasi haukumwagika. Wa pili ulijikunja chini na kukaa, maji yakielea juu yake, na ukiinamisha, yote yanakimbia. Wa tatu haukufanya chochote. Vipande vilikuwa vilevile, vimelowa mafuta tu.

Jirani aliinama akachungulia ile glasi ya pili kwa muda mrefu. "Kumbe haipendi chumvi," akasema. "Kama mimi na presha yangu."

"Kama wewe na presha yako."

"Daktari aliniambia nisile. Sikujua na kisima inaambiwa."

Alihuzunika kweli. Nikamweleza kwamba na mkojo wa nguruwe wake nao una chumvi zake, na kwamba hata udongo uliovimba sawasawa ukilowa mkojo mwingi miaka na miaka unachoka. Akasema mfereji wa banda ataugeuza kesho. Nikamshukuru. Kisha nikauliza swali lililobaki.

"Mlikuwa mnamzuia nani?"

Kwa sababu watu hawazindiki kisima bila adui. Mtu anayetia chumvi ya maombi kwenye kona za nyumba anamfikiria mtu fulani, mwenye kijicho, mwenye mkono mbaya. Huko juu mlimani jirani wa mama wa karibu ni mmoja tu, na ndiye huyu aliyekaa mezani kwetu, ambaye alilibeba debe mwenyewe. Jirani akatazama chini. Mama akakusanya glasi, akaziweka tena palepale.

"Ulifikiri kuna mchawi?" nikamtania mama. "Mchawi gani huku? Wote wameshahamia mjini."

"Sikuogopa mchawi," mama akasema.

"Nani basi?"

"Ninyi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ninyi, wanangu. Mlinikalisha kwenye kochi ya kaka yako mkanipangia mahali pa kufia, mkanipa na soda. Nilirudi hapa nikasema, hii maji ikiharibika siku moja tu, wananichukua. Sasa mimi nitaomba nini? Nikamwambia Mungu, funga hii kisima, funga kabisa, watoto wangu wasipate mlango."

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba maadui wa kazi yangu ni dizeli na mbolea na watu wasiosikia, na kumbe kwenye kisima nilichokichimba kwa mapenzi kuliko vyote, uchafu uliokuwa unazuiwa ni sisi. Iliniuma, naona haya kusema jinsi ilivyoniuma. Nilitoka nikasimama makaburini nikajifanya naangalia majani. Yalikuwa yamefyekwa vizuri.

Kisha nikampigia kaka, mama akiwa ananisikia. Nikamwambia kisima kimechafuka, sababu ni chumvi, kinatengenezeka, na mama habanduki.

"Tulikuwa na azimio," kaka akasema.

"Nimelifuta."

"Azimio la kikao halifutwi na mjumbe mmoja."

"Basi mjumbe huyo ametoka kikaoni, amepiga mlango."

Nikamsikia akihema. Kaka si mtu mbaya. Siku ya nyonga ndiye aliyembeba mama mgongoni mpaka kwenye gari, na nadhani tangu siku ile hajalala vizuri. "Na maji yakikataa tena?" akauliza, na safari hii hakuuliza kama mwenyekiti.

"Yakikataa nitahamia huku nimchotee."

Mama akaninyang'anya simu. "Asije," akamwambia kaka. "Huyu anakoroma."

Tulisubiri mvua zipungue. Wakati huo wote jirani alimletea mama maji ya bondeni kwa pikipiki ya mwanawe, madumu mawili mawili, na mama alilalamika kila siku kwamba yanapata harufu ya petroli, jambo ambalo halikuwa kweli. Kiongozi wa mtambo alikuja na vijana wake. Tulivunja zege, tukachimbua kuzunguka bomba kwa mikono, tukautoa udongo wote ulioharibika pamoja na ardhi iliyolowa chumvi, tukakausha, tukasafisha, tukatia mpya. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya ugali. Hakukuwa na vita. Mama alileta kigoda, akaketi karibu na bomba, na hakusogea. Chakula kilikuwa tayari jikoni na kilikuwa kinapoa, na sisi sote tulijua kinapoa. Aliyekuja na mfuko mkononi, hata wa mahindi, alimfukuza kwa fimbo. Alikaa hivyo mpaka udongo ukamaliza kunywa maji yake, na ndipo akatuita tukala ugali wa baridi, yeye mwenyewe akiwa ameona aibu hiyo na kuivumilia.

"Mama, ungeomba tu bila chumvi," kiongozi wa mtambo akamwambia.

"Nimeomba. Nyie hamkusikia kwa sababu hamjui Kihehe."

Mvua kubwa zilizofuata zilipoanza nilikuwa tena kwa mama, na kaka akaja. Alisema amekuja kusalimia. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kulikuwa na begi la magurudumu, jipya, tupu, limelala chali. Mama aliliona kabla hajamsalimia.

"Hilo begi ya nani?"

"La dharura tu, mama."

Mama alichukua glasi, akaenda pampuni kwenye mvua hiyohiyo, akapiga, akarudi akichechemea na glasi imejaa. Kaka akaipokea. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akainusa, mara ya kwanza kwa siri, mara ya pili waziwazi. Mimi niliyapima maji yale asubuhi na nilijua yako safi, lakini nilishika meza.

"Kunywa," mama akamwambia. "Mimi hapa nitaondoka nimebebwa, na wewe ndiye utashika mbele ya jeneza. Utahitaji nguvu."

Kaka akanywa.